Saa ya Hewani na Anayeilipia: Utangazaji wa Umma na Gesi ya Madimba

Tarehe 22 Mei 2013 maduka mengi ya Mtwara hayakufunguliwa. Vipeperushi vilivyosambazwa siku za nyuma viliwataka watu wakae mbele ya televisheni na redio wasikilize hotuba moja tu: ya Profesa Sospeter Muhongo, Waziri wa Nishati na Madini, akiwasilisha bungeni Dodoma bajeti ya wizara yake. Tangu maandamano ya Desemba 2012 na ghasia za Januari zilizofika mpaka Masasi, swali lilikuwa lilelile. Je, gesi ya Mnazi Bay itapelekwa Dar es Salaam kwa bomba, au itabaki Mtwara na kuvuta viwanda huku Kusini? Waziri alithibitisha kwamba bomba litajengwa. Siku hiyohiyo mji ukalipuka. Watu walipoteza maisha, majengo yalichomwa, jeshi likaingia mitaani. Miongoni mwa nyumba zilizoteketezwa ilikuwamo ya mwandishi wa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC.

Kuchoma nyumba ya mwandishi ni uhalifu, na hakuna madai ya gesi yanayoweza kuuhalalisha. Hata hivyo, anayechunguza utangazaji wa umma hawezi kulipita tukio hilo kama ajali ya ghasia. Mwandishi wa habari mkoani anaishi na watu anaowaandika, ananunua samaki soko moja nao. Kwa nini hasira iliyoelekezwa kwa serikali ifike mlangoni kwake? Jibu linalokuja haraka ni kwamba TBC ni chombo cha serikali, na serikali ndiyo iliyokuwa ikivutana na Mtwara. Jibu hilo lina ukweli wake, ila linatuachia kazi nusu. Linaeleza utii wa kisiasa, halielezi njia ambayo utii huo hupita kila siku, hata siku ambazo hakuna waziri aliyepiga simu chumba cha habari. Hoja ya makala hii ni kwamba njia hiyo, kwa sehemu kubwa, ni ya kibiashara. Taasisi na watu wanaoonyeshwa na utangazaji wa umma mara nyingi ndio wanaolipia kuonyeshwa, na anayetazama haambiwi. Aliyeko Madimba, ambaye hana fungu la kulipia saa ya hewani, huonekana kwenye picha bila kusikika.

Uzinduzi na itifaki yake

Madimba ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, kwenye njia inayotoka mjini kuelekea Msimbati na mdomo wa Ruvuma. Watu wake huishi kwa korosho, mihogo, minazi na bahari. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na kampuni ya AGIP ya Italia, ikakaa ardhini zaidi ya miaka 20 kabla kampuni ya Artumas ya Kanada haijaanza kuitumia kuzalisha umeme wa Mtwara. Baadaye uendeshaji wa kitalu ukawa mikononi mwa Maurel et Prom ya Ufaransa. Kiwanda cha kuchakata gesi kilichojengwa Madimba kina uwezo wa kupokea futi za ujazo milioni 210 kwa siku. Bomba la inchi 36 linaanzia hapo kwenda Dar es Salaam, na pamoja na tawi la Songo Songo mtandao mzima una urefu wa zaidi ya kilomita 500. Fedha zilitoka kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, takriban dola za Marekani bilioni 1.2, na mkandarasi alikuwa kampuni tanzu ya shirika la mafuta la China, CNPC. Mwenye mradi ni Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC. Rais Jakaya Kikwete aliuzindua Oktoba 2015. Mwezi huohuo alizindua pia kiwanda cha saruji cha Dangote hukohuko Mtwara, na tarehe 25 ya mwezi huo nchi ikaenda kwenye Uchaguzi Mkuu.

Kila Mtanzania anayetazama televisheni anajua jinsi shughuli ya uzinduzi inavyokwenda. Kuna hema, viti vyenye vitambaa, vikundi vya ngoma. Mkuu wa mkoa hutoa salamu, mkurugenzi wa taasisi husoma taarifa ya mradi, mwakilishi wa mkopeshaji husema machache, waziri humkaribisha mgeni rasmi, mgeni rasmi hukata utepe na kuhutubia. Mwenyekiti wa kijiji ambacho ardhi yake imechukuliwa huwa amekaa mstari wa tatu au wa nne. Akina mama waliocheza ngoma hurudi kwenye jua. Kwa saa tatu mfululizo kijiji husikika kikiimba, na hakipewi hata dakika moja ya kuuliza fidia imelipwa kwa kipimo gani, au ni lini umeme wa gesi hiyo utawaka nyumbani kwao.

Hapa ndipo uchambuzi wa kawaida wa maudhui huishia: unahesabu nani kasema dakika ngapi, kisha unalaumu upendeleo. Ningependa tuende nyuma ya kamera. Matangazo mubashara yana gharama. Gari la matangazo litoke Dar es Salaam au Dodoma, mafuta yanunuliwe, mafundi na watangazaji walale hotelini na kulipwa posho, njia ya setelaiti ikodiwe, na vipindi vya kawaida viondolewe kwa saa kadhaa. Gharama hiyo kwa kawaida huangukia taasisi yenye shughuli. Kitengo chake cha mawasiliano huwasiliana na kituo, bei hukubaliwa, na mtangazaji hufungua kwa kusema kwamba matangazo yanawajia kwa hisani ya fulani, kama atakumbuka kusema. Mpaka hapa mtu anaweza kudai kwamba hakuna siri: saa imenunuliwa, inaonyeshwa.

Tatizo linaanza saa mbili usiku. Picha zilizopigwa kwa fedha ya mwenye shughuli ndizo zinazoingia kwenye taarifa ya habari. Mhariri hana picha nyingine. Hakumtuma mtu Mngoji au Msimbati kuuliza watu wanasemaje, kwa sababu safari hiyo haina wa kuilipia. Anakata dakika mbili kutoka kwenye saa tatu alizoletewa, anaweka sauti ya mgeni rasmi, na sasa kilichokuwa saa ya kununuliwa kimekuwa habari, bila neno la hisani hata moja. Hakuna aliyedanganya. Hakuna bahasha iliyopita chini ya meza. Ila kipimo cha kilicho habari na kisicho habari kimehama kutoka chumba cha habari kwenda kwenye bajeti ya uhusiano ya taasisi inayoripotiwa.

Namna nyingine ya uhusiano huo ni ndogo zaidi kwa thamani na kubwa zaidi kwa madhara: ile ambayo waandishi wenyewe huiita kuwezeshwa. Mwandishi wa mkoani hana gari. Mradi uko mwisho wa barabara. Taasisi inatoa kiti kwenye gari lake, chakula cha mchana na posho ya siku. Bila hiyo habari haipatikani kabisa, na mwandishi anayekataa kwa sababu za maadili anabaki mjini na daftari jeupe. Simlaumu. Mshahara wa mwandishi wa mkoani, na hasa malipo ya mwandishi wa kujitegemea, yamejadiliwa vya kutosha. Januari 2023 serikali iliunda kamati chini ya uenyekiti wa Tido Mhando, mkurugenzi mkuu wa zamani wa TBC, kuchunguza hali ya uchumi ya vyombo vya habari na wanahabari. Lawama ni ya mfumo unaofanya gari la anayechunguzwa liwe ndilo njia pekee ya kumfikia anayechunguzwa.

Fedha ya umma inapojisifu

Vituo binafsi navyo huuza saa zao, tena kwa bidii kubwa zaidi. Kwa nini basi nikazanie kituo cha umma? Kwa sababu kwenye kituo cha umma uhusiano huu unachukua sura ambayo haipo kwingine. Mlipaji ni shirika la umma, mpokeaji ni shirika la umma, na fedha ni ya umma pande zote mbili. Kwenye vitabu vya taasisi ya kwanza malipo hayo ni gharama za mawasiliano au elimu kwa umma. Kwenye vitabu vya TBC ni mapato ya ndani, na kuongeza mapato ya ndani ni jambo ambalo menejimenti yoyote ya shirika la umma hupongezwa nalo. Kila upande umefanya wajibu wake kihesabu. Anayekosekana kwenye hesabu ni mwenye fedha.

Kampuni ya soda inapolipia tangazo, mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba ni tangazo. Taasisi ya umma inapolipia kipindi cha nusu saa kuhusu mafanikio yake, kipindi hicho huja kwa mavazi ya elimu: kuna mtangazaji anayeuliza maswali, kuna meza na vikombe, kuna jina la kipindi lenye maneno maendeleo au uwekezaji. Maswali hayaumizi. Mkurugenzi haulizwi kwa nini. Anaulizwa ni kwa namna gani. Mtazamaji aliyeko Madimba, anayejua kisima kipi kimekauka na fidia ipi imecheleweshwa, anaona kitu kinachofanana na uandishi wa habari na anakuta ndani yake hakuna habari. Akirudia kuona hivyo kwa miaka, anafikia hitimisho kwamba wote ni wamoja, na hitimisho hilo ndilo lililofika kwenye mlango wa mwandishi Mei 2013.

Mfumo huu umejengwa taratibu na kwa nia ambazo aghalabu zilikuwa njema. Redio ya umma ilianza Dar es Salaam mwaka 1951, ikawa shirika mwaka 1956, na mwaka 1965 serikali ikaivunja hadhi ya shirika na kuifanya Radio Tanzania Dar es Salaam, idara chini ya wizara, huku ikiwa na idhaa ya biashara pembeni. Televisheni ya taifa ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1990. TBC ya sasa iliundwa kwa amri ya mwaka 2007 na kuzinduliwa 2008, kwa matarajio kwamba lingekuwa shirika la umma kwa maana kamili, lenye kuutumikia umma kabla ya serikali. Lakini Tanzania haina ada ya televisheni kama ya Uingereza. Shirika linategemea ruzuku ya serikali na kile linachoweza kujitafutia. Likajitafutia. Liliingia ubia na StarTimes ya China kuunda Star Media Tanzania, ambamo TBC ina asilimia 35 na mbia asilimia 65. Desemba 2018 ikazinduliwa Tanzania Safari Channel, chaneli ya utalii iliyoanzishwa kwa ushirikiano na taasisi za utalii na hifadhi, zikiwamo Bodi ya Utalii, TANAPA na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Chaneli hiyo inaonyesha uzuri wa kweli wa nchi hii, na sioni ubaya taifa kutangaza vivutio vyake. Ila tangu 2022 mustakabali wa wafugaji wa Ngorongoro umekuwa moja ya masuala mazito kabisa ya ardhi nchini. Shirika ambalo ni mshirika wa mamlaka ya hifadhi katika chaneli moja linapoliripoti suala hilo katika chaneli nyingine, lina wajibu wa kumwambia mtazamaji kwamba ushirika huo upo.

Mikataba ya kibiashara ya shirika hili imejadiliwa hadharani kwa nadra sana, na mjadala uliowafikia watu wengi ulifanyika mahakamani. Januari 2018 Tido Mhando alishtakiwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu kwa tuhuma za matumizi mabaya ya madaraka kuhusu mikataba ya mwaka 2008 na kampuni ya Channel 2 Group. Mwaka mmoja baadaye mahakama ilimwachia huru. Kinachonihuzunisha ni kwamba ilihitajika kesi ya jinai ili umma usikie mkataba wa chombo chake ulisema nini. Mikataba ya namna hiyo ilipaswa kuwa wazi tangu siku iliposainiwa. Kama ingekuwa wazi, mabishano juu yake yangekuwa ya hoja, na mtu asingekaa kizimbani mwaka mzima.

Bilioni 4.2

Januari 2016 Nape Nnauye, wakati huo waziri mwenye dhamana ya habari, aliliambia Bunge kwamba TBC haitarusha tena mubashara mijadala yake yote. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama: shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake kukawa na kipindi cha usiku kilichorekodiwa na kuhaririwa. Wabunge wa upinzani walipinga vikali, polisi wakaingia ukumbini. Mjadala wa wakati ule ulijikita kwenye siasa: je, serikali mpya inaogopa kuonekana ikikosolewa? Ni swali halali. Mimi nataka kuichukua sababu ya gharama kama ilivyosemwa, kwa uzito wake wote, kwa sababu inafundisha zaidi.

Gharama ya kurusha Bunge haikuwa na mlipaji. Bunge si taasisi inayotafuta kujitangaza kwa mdhamini; lina wabunge wanaopingana, na hakuna idara ya uhusiano inayonunua saa ili mpinzani wake asikike. Gharama ya kurusha uzinduzi, maonyesho, kilele cha wiki ya taasisi fulani au maadhimisho ya miaka kadhaa ya shirika fulani ina mlipaji. Kwa hesabu za kituo kinachotafuta mapato ya ndani, la kwanza ni hasara na la pili ni faida. Hakuna aliyepaswa kuamuru kwamba sherehe zishinde mijadala. Zinashinda zenyewe. Watu wa Mtwara waliojifungia ndani Mei 2013 kumsikiliza waziri akijibu bungeni walikuwa wanatumia huduma ambayo, miaka mitatu baadaye, iliondolewa kwa kukosa wa kuilipia. Huo ndio ukweli mgumu zaidi katika jambo hili lote. Tangazo lililowakasirisha lilikuwa pia ndilo tangazo la haki zaidi walilowahi kupewa: waziri aliyesimama mbele ya watu wenye mamlaka ya kumhoji, akionekana moja kwa moja, bila mhariri wala mdhamini katikati.

Kwingineko

Afrika Kusini imeonyesha mwisho wa njia hii uko wapi. Gazeti la The New Age, mali ya familia ya Gupta, liliandaa mikutano ya kifungua kinywa ambamo mawaziri na wakati mwingine Rais Jacob Zuma walizungumza. Shirika la utangazaji la umma, SABC, liliirusha mubashara katika kipindi chake cha asubuhi. Mashirika ya umma, Eskom, Transnet na Telkom, yalilipa mamilioni ya randi kudhamini mikutano hiyo, na malipo yalikwenda kwa gazeti. SABC, iliyotoa saa, watazamaji na heshima ya jina lake, haikuchukua mapato ya udhamini. Habari hizo zilifichuliwa na magazeti mapema mwaka 2013, mwaka uleule wa ghasia za Mtwara, na baadaye zikachunguzwa na tume ya Jaji Raymond Zondo, ambayo sehemu ya kwanza ya ripoti yake ilitoka Januari 2022. Mtazamaji wa asubuhi, akiwa na chai yake, aliona mahojiano na kiongozi wa nchi. Alichokuwa akiangalia kwa kweli ni bidhaa iliyouzwa na familia moja kwa mashirika ya umma, ikapelekwa nyumbani kwake kwa mitambo anayoigharimia mwenyewe.

Wala tusidhani kwamba ni ugonjwa wa Afrika. BBC World News ilirusha kati ya 2009 na 2011 vipindi vilivyotengenezwa na kampuni ya FBC Media, vikiwamo vinane kuhusu Malaysia. Ikabainika kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikilipwa na serikali ya Malaysia kwa kazi za uhusiano wa umma. Mapema mwaka 2012 BBC iliomba radhi hewani kwa watazamaji wake duniani. Huko Ireland, Juni 2023 shirika la umma la RTÉ lilikiri kwamba malipo ya mtangazaji wake maarufu, Ryan Tubridy, yalitangazwa kwa umma yakiwa pungufu ya kiasi halisi kwa jumla ya euro 345,000 katika miaka kadhaa, na sehemu ya fedha hizo ilihusiana na mpango wa mdhamini wa kibiashara wa kipindi chake. Mkurugenzi mkuu alijiuzulu ndani ya siku chache. Katika nchi hizo mbili kosa lilitokea kama linavyotokea kokote. Tofauti ni kwamba kulikuwa na kanuni iliyoandikwa ambayo kosa lingeweza kupimwa nayo, na chombo cha kumwajibisha mkosaji.

Kenya iko karibu zaidi nasi na somo lake ni la tahadhari. Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010 inasema vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua maudhui yake, visiwe na upendeleo, na vitoe nafasi ya haki kwa mitazamo tofauti. Ni sentensi nzuri ambayo katiba yetu haina mfano wake. Lakini Machi 2024 wizara husika ilielekeza kwamba matangazo yote ya kibiashara ya serikali kwenye redio na televisheni yaende kwa shirika la utangazaji la umma, KBC, peke yake. Uhuru wa kuamua maudhui ulibaki kwenye karatasi ya katiba huku mteja mmoja akitakiwa kuwa ndiye anayelisha shirika. Agizo hilo lilipelekwa mahakamani, kama lilivyostahili.

Je, fedha yenyewe ndiyo kosa?

Mkuu wa TBC akisoma haya atauliza: mishahara italipwa na nini? Mitambo ya mpakani, inayotuwezesha kusikika mpaka ukingo wa Ruvuma ambako redio za Msumbiji huingia bila kubisha hodi, itatunzwa na nini? Swali lake ni la haki na silikwepi. Ruzuku peke yake haijawahi kutosha, na anayetaka shirika liishi kwa ruzuku tupu anataka, bila kujua, lirudi kuwa idara ya wizara kama ilivyokuwa baada ya 1965.

Historia ya Radio Tanzania yenyewe ina jibu. Mwaka 1973 ilirusha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wazima wanaokadiriwa kuwa milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza vijijini. Msaada wa Sweden ulichangia kampeni hiyo. Kulikuwa basi na fedha ya nje na ajenda ya serikali kwa wakati mmoja, na bado watu hawakuichukia redio. Msikilizaji alijua ni kampeni ya afya na inatoka wapi. Kikundi kilikaa chini ya mwembe na kiongozi wake, kikajadili kilichosikika, kikachimba choo au kikakataa. Na hakuna taasisi iliyokuwa ikinunua sifa zake kwa mgongo wa kipindi kile. Fedha iliingia, lakini kwa mlango unaoonekana, na upande wa pili wa redio kulikuwa na watu wanaojibu.

Redio ndogo za Mtwara zinalijua hili kwa vitendo. Jamii FM ya Naliendele na Pride FM ya mjini nazo huishi kwa udhamini, na hazina kinga dhidi ya posho na matangazo ya halmashauri. Hata hivyo, mkulima wa korosho akilalamikia malipo yaliyochelewa baada ya mnada, huko ndiko sauti yake husikika kwanza. Umbali mfupi kati ya kipaza sauti na msikilizaji hufanya kazi ambayo kanuni hazifanyi. Shirika la taifa haliwezi kuwa karibu hivyo na kila kijiji, kwa hiyo linahitaji kanuni kuliko redio hizo.

Kanuni zenyewe si ngumu kuzifikiria. Kanuni za maudhui za mwaka 2018 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zinavihusu vituo vyote kwa pamoja, na chombo kinacholelewa na fedha ya umma kinapaswa kubeba zaidi ya hapo. Picha zilizopatikana kwa saa ya kununuliwa au kwa safari ya kuwezeshwa zikiingia kwenye taarifa ya habari, zioneshwe hivyo kwa maandishi kwenye kioo, na kwa redio zisemwe kwa sauti. Taasisi iliyo na mgogoro wa ardhi, fidia au mazingira na wananchi isiruhusiwe kudhamini kipindi kinachogusa mgogoro huo mpaka utakapokwisha. Sehemu ya kila malipo ya matangazo ya sherehe ikatwe na kuwekwa kwenye mfuko wa safari za chumba cha habari, ili mwandishi afike Madimba kwa gari ambalo si la anayemwandika. Pendekezo hili la mwisho ndilo ninaloliamini zaidi, kwa sababu halipunguzi mapato ya shirika, linayapeleka kwenye kazi lililoundwa kuifanya. Taasisi inayolipia saa tatu za utepe itakuwa imelipia, bila kuchagua, siku mbili za mwandishi kusikiliza watu wanaoishi nyuma ya uzio.

Kuna sheria tuliyonayo tayari inayoonyesha kwamba uwazi wa namna hii unawezekana. Mwaka 2015, mwaka uleule wa uzinduzi wa Madimba, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji. Kwa sheria hiyo, kampuni za gesi na serikali hutakiwa kueleza kila upande umelipa nini na umepokea nini, na ripoti huchapishwa. Mwanakijiji anaweza, kwa msaada wa mtu anayejua kusoma jedwali, kufuatilia ushuru wa huduma ambao halmashauri yake inastahili kulipwa. Anachoweza kufuatilia ni fedha ya gesi. Fedha inayolipia sura ya gesi, ile inayonunua saa, vipindi na picha za kiwanda kinachong'aa jioni, haimo kwenye jedwali. Ni haki kuiweka. Mashirika ya umma ya sekta ya uziduaji yatakiwe kueleza kila mwaka yamelipa kiasi gani kwa kituo gani cha utangazaji na kwa kipindi gani, na TBC ieleze imepokea nini kutoka kwao. Mradi wa gesi iliyosindikwa unaosubiriwa Likong'o, Lindi, ni mkubwa mara nyingi kuliko Madimba. Utakuja na mahema makubwa zaidi.

Bodi ya TBC haihitaji kusubiri Bunge libadilishe sheria. Inaweza, katika kikao chake kijacho, kuamua kuchapisha orodha ya wadhamini wa vipindi na matangazo yake mubashara ya mwaka uliopita, pamoja na kiasi kilicholipwa. Wasomi wa habari tuiombe orodha hiyo kwa maandishi, na tuiombe tena kila mwaka, mpaka itolewe.